Mwongozo kamili: kupanga rafu za wazi katika maktaba ya chuo, ili vitabu vionekane, viguswe na visipotee

Wakutubi wa vyuo vya Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru wameniuliza kwa namna nyingi jinsi ya kupanga rafu za wazi, na karibu kila mara mkasa ni ule ule. Chuo kinafungua rafu, wanafunzi wanaingia wenyewe kuchagua vitabu, na kabla muhula haujaisha vitabu vimechanganyika, vingine havionekani, mkuu wa chuo anafoka, na vitabu vyote vinarudishwa nyuma ya kaunta. Tangu siku hiyo, anayetaka kitabu anaandika jina lake kwenye karatasi na kusubiri. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui jina la kitabu hata kimoja. Anaondoka.

Nimeandika mwongozo huu ili mkasa huo ukome. Rafu za wazi hushindwa kwa sababu zinazojulikana, na karibu zote zinazuilika kwa kazi inayofanywa kabla ya kitabu cha kwanza kuwekwa.

Kama kuna mtu chuoni anayeuliza kwa nini tuhangaike na karatasi wakati kila mwanafunzi ana simu, mpeleke asimame karibu na mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta kitabu cha ukunga. Amefika namba 618.2, ambayo ndiyo namba ya rafuni ya somo hilo. Anavuta kimoja, anafungua yaliyomo, anakirudisha. Anavuta cha pili, kinene zaidi, huku amepinda shingo kusoma mgongo wa cha tatu. Mkono ukisogea kulia kidogo unafika 618.92, magonjwa ya watoto, na hapo anakuta kitabu ambacho hakuja kukitafuta, ilhali zamu yake ya wodi ya watoto haiko mbali. Katalogi ya kompyuta humpa mtu alichojua kukiandika. Rafu humkutanisha na asichojua kukiuliza, na ndiyo maana lazima iwe mahali anapoweza kuifikia kwa mkono.

## Kabla hujaanza: vitu vya kuwa navyo

- Orodha ya vitabu vyote kutoka Koha au programu yoyote mnayotumia, ikionyesha namba ya kila kitabu na tarehe kilipoazimwa mara ya mwisho. Kama mnatumia daftari, andaa orodha hiyo kwanza.
- Tepu ya kupimia ya mita 5, kamba, na chaki ya kuchora sakafuni.
- Mchoro wa chumba, hata wa mkono, wenye vipimo vya kuta, madirisha, milango, nguzo na soketi za stima.
- Lebo, wino usiofutika, na selotepu pana iliyo angavu.
- Vyuma vya kushikilia vitabu visianguke, vile vyenye umbo la L; viwili kwa kila rafu ni kiasi cha kuanzia.
- Toroli moja au mbili, na meza ndogo kadhaa za kuachia vitabu.
- Kipima unyevu wa hewa, brashi laini, vitambaa vikavu na barakoa.
- Fundi wa chuma au mbao unayeweza kumrudia kazi ikiwa na kasoro.
- Barua ya idhini ya mkuu wa chuo, iliyo na bajeti na tarehe.

Fanya kazi hii likizo ndefu, wanafunzi wakiwa nyumbani. Epuka Machi hadi Mei ukiweza. Kuhamisha vitabu kati ya majengo wakati wa mvua ndefu za Kakamega au Kisii ni kuvilowesha bure.

## Hatua ya 1: Chuja vitabu kabla ya kuvipanga

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua mengine yote. Rafu iliyojaa vitabu visivyofaa huficha vile vinavyofaa. Mwanafunzi akivuta vitabu vitatu mfululizo akakuta vimeoza au vimepitwa na wakati, hatavuta cha nne.

Anza na vilivyoharibika: vyenye ukungu, vilivyoliwa na mchwa, vilivyokatwa kurasa. Chenye ukungu kiingize kwenye mfuko uliofungwa na ukitoe chumbani papo hapo. Usikipanguse ndani ya maktaba, kwa maana vumbi la ukungu hurukia vingine.

Kisha nenda kwenye vilivyopitwa. Kitabu cha sheria ya kampuni kilichoandikwa kabla ya Sheria ya Kampuni ya 2015 kitampotosha mwanafunzi wa biashara kwenye mtihani. Kitabu kinachoeleza serikali ya Kenya kwa mikoa na wakuu wa mikoa kiliandikwa kabla ya Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010; kina thamani kwa mwanahistoria, lakini kwa mwanafunzi wa uongozi wa umma ni mtego. Vitabu vya dawa na vya kompyuta navyo huzeeka haraka. Waite walimu wa idara husika wavipitie pamoja nawe, kila mmoja aweke sahihi kwenye orodha ya idara yake. Sahihi hiyo itakulinda baadaye.

Tatu, nakala zilizorundikana. Kama mna nakala 40 za kitabu kimoja cha kiada, acha tatu au nne rafuni na uziweke zilizobaki kwenye akiba ya kuazimisha kwa muhula mzima. Nakala 40 zilizopangwa pamoja hujaza zaidi ya mita moja ya rafu, na hapo hakuna cha kuchagua.

Usichuje kwa mwaka wa uchapishaji peke yake. Kitabu cha hisabati au cha anatomia kinaweza kuwa na umri mkubwa na bado kikafundisha vizuri. Na chochote kinachohusu Ziwa Victoria, historia ya Nyanza na Magharibi, Kiluhya, Kidholuo, Ekegusii au Kikalenjin, hata kama ni kijitabu chembamba kilichofifia, kitenge na ukilinde. Vingi vya aina hiyo havichapishwi tena, na hakuna chuo kingine kitakachokuhifadhia.

Tahadhari: katika chuo cha umma, vitabu ni mali ya umma. Usivichome, usiviuze, wala usivigawe kwa hiari yako. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka vipitie kwa kamati ya uondoaji mali. Vitenge, viorodheshe, upeleke orodha huko.

Utajua umefaulu ukisimama mbele ya rafu yoyote, ukavuta kitabu chochote kwa macho yaliyofumbwa, na ukawa tayari kumpa mwanafunzi bila kuomba radhi.

## Hatua ya 2: Chagua mahali, na usikubali kona

Vyuo vingi huweka kompyuta mlangoni, meza katikati, na vitabu ukutani kule mwisho. Matokeo yake, mtu anaweza kusoma hapo miaka mitatu bila kupita mbele ya kitabu. Geuza mpango: njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye viti ipite kando ya rafu. Kompyuta zinaweza kukaa nyuma, kwa sababu anayezihitaji atazifuata popote zilipo.

Utasikia hoja kwamba maktaba za kisasa huko nje huficha vitabu stoo. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua Maktaba ya Mansueto mwaka 2011, ambako juzuu zipatazo milioni 3.5 zinaweza kuhifadhiwa chini ya ardhi na kuletwa na mitambo. Lakini jengo la Regenstein, lililounganishwa nalo, limebaki na rafu za wazi ambazo wanafunzi huzizunguka wenyewe. Ghala lile ni nyongeza. Chuo chenye vitabu 6,000 hakina sababu ya kuiga ghala la mamilioni.

Sasa angalia jua. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na mstari wenyewe unapita Maseno. Huku kwetu madirisha yanayotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na upenu wa paa, ila dirisha la magharibi hupigwa na jua la alasiri lililoinama, linaloingia hadi katikati ya chumba. Jua hilo hufifisha majalada na kukausha gundi ya mgongo hadi kurasa zikatoka. Rafu zisitazame dirisha la magharibi. Kama chumba hakina ukuta mwingine, weka pazia zito au upake kioo rangi nyeupe.

Unyevu nao una tabia yake kila mji. Kandokando ya ziwa na maeneo ya Kakamega na Kisii, adui ni ukungu. Nakuru, hasa miezi ya kiangazi, adui ni vumbi. Weka kipima unyevu katikati ya chumba kwa muda kabla hujaamua, na ukisome asubuhi na alasiri. Kikionyesha zaidi ya asilimia 65 siku baada ya siku, chumba hicho hakifai mpaka kipate madirisha ya kupitisha hewa pande mbili au feni. Panda pia juu ya dari ukague mabati. Tundu dogo la msumari juu ya rafu linatosha kuharibu safu nzima usiku mmoja wa mvua.

La mwisho ni uzito, na hili halina mjadala. Sakafu ya darasa kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Eneo la rafu ndefu za vitabu hukadiriwa zaidi ya kilo 700. Ukipewa madarasa mawili ya ghorofa ya kwanza yabomolewe ukuta ili yawe maktaba, usiingize rafu hata moja kabla mhandisi wa majengo hajaandika barua. Ghorofa ya chini ndiyo salama, mradi maji ya mvua hayaingii.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya rafu

Hapa watu hukisia, kisha wanakosa nafasi muhula unaofuata. Hesabu yenyewe ni rahisi.

Chukua kitabu cha chuo cha kawaida kuwa na unene wa sentimita 3. Vitabu 6,000 vinahitaji mita 180 za rafu vikibanana. Usivibananishe. Jaza robo tatu tu ya kila ngazi, yaani kila ubao wa kuwekea vitabu, kwa hiyo gawanya 180 kwa 0.75 upate mita 240. Ngazi moja ikiwa na urefu wa sentimita 90, unahitaji ngazi 267. Rafu ya pande mbili yenye ngazi nne kila upande inakupa ngazi nane. Jumla ni rafu 34.

Kwa nini ngazi nne wakati ukutani kuna nafasi ya sita au saba? Rafu za katikati ya chumba zisizidi sentimita 150 kwenda juu. Mkutubi aliyekaa kaunta ataona vichwa vya walio nyuma ya rafu, upepo utapita, mwanga wa dirisha utafika ng'ambo, na mtu mfupi hatahitaji kigoda. Rafu za sentimita 210 ziegemee ukutani, zikiwa zimeachana nao kwa sentimita 5 ili hewa ipite. Ngazi ya chini kabisa iwe juu ya sakafu kwa sentimita 10 hadi 15, kwa ajili ya maji ya deki na mchwa.

Njia kati ya rafu na rafu iwe sentimita 120. Najua utabanwa uipunguze. Kwenye sentimita 90 mtu anapita, lakini hawezi kuchuchumaa kusoma ngazi ya chini huku mwingine akipita nyuma yake, na kiti cha magurudumu hakigeuki. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa. Maktaba ya chuo imo.

Rafu zako 34 zikipangwa safu za nne nne, na njia zake, zitachukua kama mita za mraba 75. Zichore sakafuni kwa chaki, ukubwa halisi. Kisha tembea ndani ya michoro hiyo na toroli. Pale toroli inapokwama kwenye nguzo ndipo utaokoa pesa za chuo.

## Hatua ya 4: Mpe fundi maelekezo yaliyoandikwa

Mafundi wa jua kali wa Kibuye, Kisumu, na kwingineko wanaweza kutengeneza rafu ya chuma nzuri kuliko nyingi zinazoagizwa, wakielezwa wanachotakiwa kufanya. Wasipoelezwa watakutengenezea rafu ya duka, yenye ngazi za kina kirefu ambamo vitabu hupangwa mistari miwili, wa nyuma usionekane kamwe.

Andika hivi: kina cha ngazi ni sentimita 25, urefu sentimita 90, nafasi kati ya ngazi na ngazi sentimita 32, na ngazi ziweze kuhamishwa juu au chini. Kona zote zisuguliwe, na matone ya weldingi yaondolewe kwa msasa, kwa sababu tone moja linachana jalada kila kitabu kinapovutwa. Rafu za pande mbili ziunganishwe juu kwa chuma kimoja ili moja isianguke peke yake. Za ukutani zifungwe ukutani kwa boliti.

Mbao za saiprasi zinafaa kama zimekauka na zimetiwa dawa ya mchwa, lakini ubao wa sentimita 2 usizidi urefu wa sentimita 75 bila nguzo katikati. Ubao mbichi utapinda kabla mwaka haujaisha.

Usimlipe fundi pesa zote kabla ya jaribio hili. Agiza rafu moja ya mfano. Laza mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 katikati ya ngazi moja, uuache usiku kucha. Asubuhi vuta kamba kutoka ncha hadi ncha na upime ngazi imeshuka kiasi gani. Ikizidi milimita 5, aongeze ukanda wa chuma chini ya ngazi. Vitabu vya ngazi hiyo vitakuwa na uzito wa kilo 30 hivi, basi ikihimili mfuko haitakusumbua.

## Hatua ya 5: Lebo na mabango

Kama mnatumia mfumo wa Dewey, unaolipa kila somo namba yake, namba zipo tayari. Kinachoharibu ni lebo: nyingine juu, nyingine chini, nyingine imeandikwa kwa kalamu iliyofifia. Kata kipande cha kadi chenye urefu wa sentimita 4, kisimamishe kwenye mgongo wa kitabu, ubandike lebo juu yake. Lebo zote zitasimama mstari mmoja, na kitabu kilichokaa pasipo chake kitaonekana kwa jicho la haraka. Funika lebo kwa selotepu angavu, kwa maana mikono yenye jasho hufuta wino.

Wafundishe wasaidizi kusoma desimali, hata kama wanasema wanajua. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka 658.3 kabla ya 658.15, kwa kuwa tatu ni ndogo kuliko kumi na tano. Baada ya nukta, soma tarakimu moja moja: moja inatangulia tatu. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni 658.15, 658.155, 658.3, 658.8. Wape kadi ishirini zilizochanganywa wazipange. Asiyezipanga sawa asirudishe kitabu rafuni bado.

Mabango yaandikwe kwa maneno ambayo mwanafunzi hutumia, namba ifuate: «Uuguzi 610.73», «Ufugaji wa samaki 639.3», «Miwa 633.61», «Mahindi 633.15», «Umeme 621.3», «Magari 629.2». Lugha iwe ile wanayosomea pamoja na Kiswahili. Yawekwe mwisho wa kila safu, kimo cha macho, yaonekane kutoka mlangoni.

Kuna jambo moja linalowasumbua sana wanafunzi wa ualimu. Dewey huweka lugha ya Kiswahili 496.392 na fasihi yake 896.392, mbali kabisa. Usibadilishe namba, utavuruga katalogi. Weka bango dogo kwenye kila upande likimwelekeza msomaji upande wa pili.

## Hatua ya 6: Panga vitabu rafuni

Anza ngazi ya juu kushoto, nenda kulia, shuka ngazi inayofuata, na umalize rafu hiyo kabla ya kuhamia ya pili. Wako wanaopanga mstari mmoja mrefu kukatiza rafu nne, na msomaji hulazimika kutembea huku na huko kufuata somo moja.

Simamisha vitabu wima. Kinachoegemea kwa mshazari hupinda mgongo. Shikilia kwa chuma cha L. Migongo iwe sawa na ukingo wa ngazi, kitabu kisizame ndani.

Ile robo uliyoiacha tupu ina kazi. Katika kila ngazi ya tatu au ya nne, geuza kitabu kimoja jalada lake litazame msomaji. Chagua kitabu kizuri ambacho hakijaazimwa muda mrefu, na ukibadilishe kila Jumatatu. Hakuna tangazo la bei nafuu kuliko hilo.

Weka kiti au viti viwili mwishoni mwa kila safu, na ikiwezekana ubao mwembamba wa kusomea ukiwa umesimama. Anayechagua kitabu huhitaji dakika tano za kukionja. Akilazimika kutembea hadi meza za mbali, atachukua cha kwanza alichoshika au aache vyote.

Utajua umefaulu mtu mgeni akiingia na kufika kwenye somo lake bila kuuliza. Mwite dereva wa chuo au mama wa jikoni, mwombe akutafutie kitabu cha upishi. Akifika 641.5 peke yake, mabango yako yanafanya kazi.

## Hatua ya 7: Unganisha rafu na vitabu vya mtandaoni

Vyuo vingi huku vinapata vitabu na majarida ya mtandaoni kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, na wanafunzi wengi hawajui. Waonyeshe palepale rafuni. Mwishoni mwa kila somo weka kadi ngumu yenye unene wa kitabu, iliyoandikwa «Vingine vya somo hili vipo mtandaoni», pamoja na msimbo wa kupiga picha kwa simu.

Msimbo uelekeze kwenye ukurasa wa maktaba yenu unaoweza kuusahihisha mwenyewe. Ukiuelekeza moja kwa moja kwa kampuni ya kuchapisha, anwani ikibadilika kadi zote ni za kutupwa. Na hakikisha waifai inafika hapo kati ya rafu. Mwanafunzi asiye na bando hatafungua chochote, na stima ikikatika kadi hiyo haina kazi mpaka irudi. Kitabu kilicho kando yake bado kinasomeka.

## Hatua ya 8: Zuia upotevu bila kufunga

Mlango wa kutokea uwe mmoja, kaunta iwe kando yake, mifuko ibaki nje kwenye rafu yenye namba. Piga muhuri kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao ni wafanyakazi tu wanaoujua. Vitabu vinavyogombaniwa wakati wa mitihani, weka nakala moja kaunta ya kusomea saa mbili tu. Wengi huficha kitabu nyuma ya safu kwa sababu wanaogopa hawatakipata kesho.

Kisha tafuta kwanza ndani. Vitabu vingi vinavyoandikwa kwamba vimeibwa vimo humo humo chumbani, rafu isiyo yake. Ndiyo sababu ya kanuni hii: msomaji asirudishe kitabu rafuni. Aliyekisoma akiache mezani au kwenye toroli, na bango liseme hivyo kwa adabu. Kitabu kilichokosewa rafu ni sawa na kilichopotea, kwani katalogi inasema kipo na mkono haukipati.

Kila asubuhi kabla ya kufungua, kila mfanyakazi asome lebo za safu alizopewa kwa dakika ishirini, akirekebisha. Wanafunzi wa mafunzo kazini wanaweza kusaidia, ila kila mmoja apewe safu zake maalumu, siyo «popote».

Kipimo: chukua vitabu 100 vilivyofuatana, hesabu vilivyokaa vibaya. Viwili au pungufu ni kazi nzuri. Vikizidi vitano, ongeza dakika za asubuhi kabla hujamlaumu mwanafunzi.

## Hatua ya 9: Hesabu vitabu vinavyosomwa humo humo

Hatua hii ndiyo italinda rafu zako siku ya mkutano wa bajeti, na ni vyuo vichache mno vinavyoifanya.

Takwimu za kuazima zinahesabu vitabu vilivyotoka mlangoni. Kitabu kilichovutwa, kikasomwa nusu saa kisha kikaachwa mezani, hakionekani popote. Kwa chuo ambacho wanafunzi wengi wanakaa vyumba vya kupanga visivyo na mwanga wa kutosha, usomaji mwingi hufanyika maktabani. Mkuu wa chuo akiona karatasi inayosema vitabu vya uhandisi vimeazimwa mara chache, ataamua kwa haki kabisa kwamba havitumiki, na nafasi yake apewe mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kurudisha vitabu vya kwenye toroli, vihesabu. Kwenye Koha, fungua mwanachama wa aina ya takwimu, umwazimishe kila kitabu kilichoachwa mezani. Programu itaandika kwamba kimetumika ndani, na kitabu kitabaki kikionekana kipo. Kama hamna Koha, chora jedwali kwenye daftari: tarehe, namba ya somo, idadi. Fanya asubuhi, saa saba na jioni, kwa sababu ukisubiri jioni tu toroli itakuwa imeshachanganywa.

Ukifanya hivyo muhula mzima utaona mambo mawili. Kwanza, masomo yanayosomwa sana ndani yanaweza kuwa tofauti na yanayoazimwa sana. Vitabu vizito vya rejea na vya michoro watu huvitumia wakiwa wamekaa. Pili, utaona ngazi ambazo hazikuguswa. Kabla hujazichuja, zihamishe kimo cha macho kwa muhula mmoja, ugeuze majalada mawili matatu yaonekane, uhesabu tena. Kama bado hazijaguswa, warudie walimu wa idara hiyo na orodha mkononi.

Peleka kwa uongozi karatasi moja tu: vilivyoazimwa, vilivyosomwa ndani, vilivyopotea na thamani yake, na masomo yanayohitaji kununuliwa. Waziwazi, hasara ikiwemo. Omba fungu dogo la kila mwaka la kufidia vilivyopotea, lipangwe mapema kama linavyopangwa la karatasi na sabuni. Mkuu wa chuo aliyeambiwa mapema kwamba vitabu kadhaa vitapotea kila mwaka hashtuki, na asiposhtuka hafungi rafu.

## Mwisho wa kila muhula

Funga siku mbili, uhakiki vitabu vyote kwa orodha, somo moja baada ya jingine. Kipi kinakosekana, kipi kimerudi baada ya kuandikwa kimepotea, lebo zipi zimebanduka. Kagua nyuma ya rafu za ukutani kama kuna njia za udongo za mchwa, na chini ya dirisha kama kuna alama za maji. Somo lililokua sogeza ngazi zake kuelekea kwenye nafasi tupu, na ubadilishe bango siku hiyo hiyo kabla wanafunzi hawajarudi.